Taarifa za Magonjwa Katika Ghuba ya Mwanza: Kutoka Kambi za Malale Hadi Kitabu cha MTUHA

Busisi ni kijiji na mwalo ulioko ufukwe wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, mkono mwembamba wa Ziwa Viktoria unaoingia kusini na kuutenga mji wa Mwanza na nchi ya Uzinza, ambayo sehemu zake kubwa leo zimo katika wilaya za Sengerema na Geita. Kwa miongo mingi jina lake lilijulikana kwa sababu ya pantoni iliyovusha magari na abiria kati yake na Kigongo, upande wa Misungwi. Kwa kuwa barabara ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na Biharamulo ilipita hapo, karibu kila shehena ya serikali iliyoelekea magharibi ya ghuba ilipanga foleni pale, isipokuwa ile iliyopitia kivuko cha Kamanga, kaskazini zaidi, au iliyozunguka kwa njia ndefu ya kusini. Katika shehena hizo zilikuwamo karatasi za afya: fomu za mwezi zilizotoka zahanati kwenda mjini, na nyaraka, miongozo na maonyo yaliyotoka mjini kwenda zahanati. Karatasi za aina ya kwanza zina historia ndefu na iliyotunzwa vizuri. Za aina ya pili zina historia ya kukatikakatika, na tofauti hiyo inaeleza mambo mengi kuhusu namna mtabibu wa kijijini alivyotazamwa na waliomwajiri.

Neno mtabibu hapa halina budi kufafanuliwa. Katika nchi kama Uingereza, anayepokea taarifa za magonjwa ya eneo lake ni daktari wa familia, yaani daktari anayehudumia watu walewale kwa miaka mingi na kuwa wa kwanza kuwaona wanapougua. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa William Pickles, daktari wa vijiji vya Wensleydale huko Yorkshire, ambaye kwa miaka mingi aliandika kila mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza, akafuatilia nani alikutana na nani, na mwaka 1939 akachapisha kitabu kuhusu epidemiolojia, yaani elimu ya mtawanyiko wa magonjwa katika jamii, kama inavyoonekana kwa daktari wa shamba. Katika kazi ya Pickles, aliyeandika takwimu ndiye aliyezisoma na ndiye aliyezitumia kesho yake asubuhi. Katika Tanganyika kazi ya mlango wa kwanza haikufanywa na madaktari, kwani walikuwa wachache mno. Ilifanywa na madresa, yaani wafunga vidonda, kisha na matabibu wasaidizi vijijini, matabibu na wauguzi wa zahanati. Hao walitakiwa kuandika tangu mwanzo. Kusoma na kutumia kulihesabiwa kuwa kazi ya watu wengine.

Asili ya mpangilio huo iko katika ugonjwa wa malale. Malale husababishwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, kinachoenezwa na mbung'o, na tangu mwaka 1900 hivi mlipuko mkubwa ulizikumba pwani na visiwa vya ziwa upande wa Uganda, ukaua watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1903 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alionyesha huko Uganda kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Wajerumani, waliotawala ufukwe wa kusini, waliogopa kwamba ugonjwa ungeshuka na mitumbwi ya wavuvi na wachuuzi, na mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alifika Mwanza na msafara wake wa utafiti kabla ya kuhamia visiwa vya Ssese upande wa Uganda, ambako wagonjwa walikuwa wengi. Huko alitumia atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake, ambayo iliwapa nafuu baadhi ya wagonjwa na kuwapofusha wengine.

Baada ya Koch kuondoka, serikali ya Kijerumani iliendeleza kampeni kwa kujenga kambi za malale, mashuhuri zaidi zikiwa Kigarama upande wa Bukoba na Shirati upande wa mashariki ya ziwa. Kambi hizo hazikuweza kungoja wagonjwa waje wenyewe, hasa baada ya habari za upofu kusambaa, hivyo waliajiriwa wenyeji waliofundishwa kupapasa tezi za shingoni. Kuvimba kwa tezi za nyuma ya shingo ni dalili ya mapema ya malale. Mpapasaji alipita kaya kwa kaya, akawasimamisha watu, akapitisha vidole chini ya kisogo, na aliyekutwa na tezi zilizovimba alipelekwa kambini ili maji ya tezi yavutwe kwa sindano na kutazamwa kwa darubini. Huenda hao ndio watumishi wa kwanza wa Kiafrika katika eneo la ziwa kulipwa kwa ajili ya kukusanya habari za ugonjwa katika ngazi ya kaya. Walichokigundua kiligeuka hesabu, hesabu ikaingia katika ripoti iliyopelekwa Dar es Salaam na Berlin, na huko ikajadiliwa na wataalamu kwa Kijerumani. Mpapasaji mwenyewe alibaki na kazi ya kuwashawishi jirani zake waende mahali ambapo baadhi ya waliotangulia walirudi vipofu, au hawakurudi.

Chini ya Waingereza malale yalirudi kwa sura nyingine. Mwaka 1922 mlipuko uligunduliwa Maswa, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Mwanza, na safari hii ulikuwa wa aina inayoua haraka, inayobebwa na mbung'o wa porini badala ya wale wa kando ya maji. Serikali ilijibu kwa kuwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka, sera iliyosimamiwa kwa miaka mingi na daktari George Maclean. Katika mazingira hayo ndipo lilipokua wazo la dresa wa serikali za wenyeji. Kuanzia mwaka 1926, chini ya John Shircore, mkuu wa huduma za tiba wa Tanganyika, vijana waliochaguliwa na watemi walifundishwa kwa miezi michache kufunga vidonda, kutoa dawa chache na kutambua magonjwa makubwa ya eneo lao, kisha wakarudishwa kufungua zahanati ndogo zilizolipiwa kutoka hazina ya mtemi. Kilichowavuta watu zaidi zahanati kilikuwa sindano ya buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa uliokuwa umeenea vijijini, kwani vidonda vilikauka baada ya sindano chache tu na sifa ya sindano ikavuka ghuba kwa kasi kuliko waraka wowote wa serikali.

Dresa alitakiwa kuandika kila mgonjwa katika daftari na kutuma jumla bomani. Ripoti za mwaka za idara ya tiba zinaonyesha jinsi jumla hizo zilivyothaminiwa, kwa kuwa idadi ya waliohudumiwa ilikuwa ushahidi wa maendeleo mbele ya Shirikisho la Mataifa la Geneva, lililokuwa limeikabidhi Uingereza nchi hii kwa udhamini. Kwa dresa zilirudi chupa na bandeji, na mara mojamoja daktari wa wilaya katika ziara. Ni haki kusema kwamba ziara hiyo, ilipofanyika, ilikuwa ya maana: daktari alikagua daftari, akawatazama wagonjwa waliomshinda dresa, akamwelekeza palepale. Ila wilaya ilikuwa pana, daktari mmoja, barabara mbovu wakati wa masika, na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 haikuwasaidia sana waliokuwa ng'ambo ya ghuba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwanza ikawa mji wa utafiti. Mwaka 1949 kilianzishwa humo kitengo cha Afrika Mashariki cha kuchunguza matende na mabusha, maradhi yanayotokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na kitengo hicho kikakua kuwa Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Tiba. Watafiti wake walipita visiwani na vijijini wakipima damu usiku, kwa kuwa vijidudu vya matende hujitokeza zaidi katika damu nyakati hizo, na baadaye wakajishughulisha sana na kichocho. Kutokana na kazi ya aina hiyo ilifahamika vizuri kwamba ukanda huu una vichocho viwili vyenye ramani mbili: kile cha tumbo kinachoshika mwambao wa ziwa na visiwa, na kile cha mkojo kinachoshika bara, penye mabwawa na madimbwi ya mvua. Mtabibu wa Busisi na mwenzake wa Misungwi ya ndani wangefaidika sana na ramani hizo mbili, kwa sababu mtoto mwenye kichocho cha tumbo hakojoi damu na ugonjwa wake huweza kupita bila kutambuliwa. Matokeo yalichapishwa katika majarida ya kitaalamu kwa Kiingereza. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na Bunge kutunga sheria ya mwaka 1979 iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inayojulikana kama NIMR, kituo cha Mwanza kiliingia chini yake.

Wakati huohuo siasa ilikuwa imebadili swali la nani afikiwe na habari za afya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 na uamuzi wa kuelekeza fedha vijijini viliongeza zahanati na vituo vya afya kwa kasi, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza kuwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 nchini kote, ikiwahimiza kuchimba vyoo, kuchemsha maji na kufyeka mazalia ya mbu. Kampeni hiyo ina nafasi ya pekee katika historia hii, kwa sababu ilimruka mtabibu: habari za malaria na kichocho zilimfika mkulima na mvuvi moja kwa moja kwa Kiswahili, kwa sauti ya Redio Tanzania, na tabibu msaidizi alizisikia pamoja na wagonjwa wake. Kitabu *Mahali Pasipo na Daktari*, tafsiri ya Kiswahili ya kazi ya David Werner iliyotoka katika miaka ya 1980, kiliendeleza mkondo huo, na si ajabu kwamba katika zahanati nyingi nakala moja iliyochakaa ndiyo iliyotumika kama maktaba nzima ya mtumishi.

Katika miaka hiyo ya 1980, uchumi ulipodorora, mawasiliano yaliyobaki yakitegemewa yalikuwa makasha ya dawa. Chini ya mpango wa dawa muhimu ulioanza katikati ya muongo huo kwa msaada wa Denmaki, kila zahanati ilipelekewa kasha lenye aina na idadi ileile ya dawa, iwe iko mwambao au nyanda za juu. Kasha lilimwambia mtabibu, bila maneno, ni magonjwa yapi taifa lilitarajia ayaone. Na pale ambapo matarajio hayakulingana na mwambao wa ziwa, dawa moja iliisha wiki ya pili na nyingine ikarundikana hadi ikachina.

Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao kila mtumishi wa afya Tanzania huuita MTUHA, ulianza mwaka 1993 kwa nia ya kurekebisha mambo ya aina hiyo. Unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndio uliotawala meza ya zahanati kwa zaidi ya miaka 30. MTUHA ni seti ya vitabu vikubwa vya rejesta vyenye namba: kimoja cha wagonjwa wa nje, kingine cha wajawazito, kingine cha watoto, kingine cha uzazi wa mpango, kingine cha chumba cha kujifungulia. Mgonjwa anapoingia, jina lake, umri, kijiji na ugonjwa huandikwa mstari mmoja unaovuka kurasa mbili, kisha mchoro mdogo wa wima huongezwa katika fomu ya kujumlishia, katika safu ya walio chini ya miaka 5 au ya waliozidi, na kila mchoro wa tano hukata minne iliyotangulia. Mwisho wa mwezi michoro huhesabiwa, jumla huandikwa katika fomu ya taarifa, na fomu hupelekwa kwa mganga mkuu wa wilaya katika siku za mwanzo za mwezi unaofuata. Kwa kuwa hadi mwaka 2012, ulipoundwa mkoa mpya wa Geita, wilaya za Sengerema na Geita zote zilikuwa katika mkoa wa Mwanza, jumla za upande huo wote zilivuka ghuba ili kukutana na za Magu, Kwimba na Ukerewe katika ofisi ya mkoa.

Waliobuni MTUHA hawakuwa wamesahau matumizi ya pale pale. Ulikuwapo ukurasa wa kuchora grafu za zahanati yenyewe, na maelekezo yalimtaka mtumishi alinganishe mwezi na mwezi, malaria ya masika na ya kiangazi, kuhara kabla na baada ya kisima kipya. Aliyekosekana alikuwa mtu wa kumwuliza kuhusu grafu hiyo. Msimamizi wa wilaya alipofika, mara nyingi kwa gari la mradi fulani na kwa ajili ya mradi huo, swali la kwanza lilikuwa kama vitabu vimejazwa na kama fomu ilikwenda kwa wakati; na mtumishi mwenye akili, kama alivyo mtumishi yeyote, hujifunza kutimiza kile anachoulizwa. Kulaumu uvivu wa zahanati, kama ripoti nyingi zilivyofanya, ni kukwepa hoja.

Hoja hiyo ilipata ushahidi katika mkoa huohuo, na katika miaka hiyohiyo, kwa njia ambayo huenda haikukusudiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa jirani wa Kagera, na kufikia mwisho wa muongo huo biashara ya sangara, mialo yenye wageni wengi na barabara kuu za Mwanza zilikuwa zimeufanya mkoa kuwa miongoni mwa iliyoathirika sana. Kati ya mwaka 1991 na 1994 NIMR, shirika la afya la AMREF na chuo cha London cha afya na magonjwa ya tropiki waliendesha jaribio katika jamii 12 za mkoa, zikiwamo za mwambao, za visiwani, za barabarani na za vijijini ndani. Katika jamii 6 magonjwa ya zinaa yalitibiwa kwa utaratibu ulioboreshwa ndani ya zahanati na vituo vya afya vilevile vilivyokuwapo. Nyingine 6 zilisubiri hadi mwisho. Tiba ilifuata mkusanyiko wa dalili: kwa kuwa zahanati haikuwa na maabara, mtabibu aliyemwona mwanaume mwenye usaha alimpa dawa za magonjwa yote yanayoleta usaha kwa kawaida katika eneo hilo, bila kungoja kipimo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la *Lancet*, yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma hiyo.

Dunia ya wataalamu ilibishana kuhusu uhusiano wa magonjwa ya zinaa na UKIMWI, hasa baada ya jaribio la Rakai, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, kuonyesha mwaka 1999 kwamba kugawa dawa kwa watu wote kila baada ya miezi kadhaa hakukupunguza maambukizi. Mjadala huo ni mrefu na hauhitajiki hapa. Kinachohusu historia ya taarifa ni namna huduma ya Mwanza ilivyoendeshwa. Mtabibu alifundishwa, dawa hazikukatika, na wasimamizi walirudi mara kwa mara kukaa naye na kupitia kazi yake. Kliniki ya rufaa na maabara yake mjini Mwanza vilichunguza ni vijidudu gani vilivyokuwa vikisababisha dalili zipi na kama dawa bado ziliviua, ili dawa alizopewa mtabibu zilingane na magonjwa ya wagonjwa wake. Pengine kwa mara ya kwanza tangu wapapasaji wa tezi, habari zilizopanda kutoka vijijini zilishuka tena kwa mtu yuleyule zikiwa na maana ya kazi yake. Jaribio lilipomalizika magari yaliondoka, na utaratibu wa kurudi ulianza kupungua katika vituo vingi, ingawa mwongozo wa tiba kwa dalili ulibaki na ukawa wa taifa.

Mabadiliko ya tiba ya malaria yanaonyesha hali ilivyokuwa bila utaratibu kama huo. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya kwanza na nafasi yake ikachukuliwa na SP, yaani mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, na mwishoni mwa mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Mara zote mbili uamuzi ulitokana na vipimo vilivyofanywa katika vituo maalumu vya uchunguzi nchini, na mara zote mbili ulimfikia mtabibu kama waraka na semina. Semina imekuwa chombo kikuu cha kupasha habari katika afya ya msingi: watumishi huitwa makao makuu ya wilaya, hulipwa posho, huelezwa mwongozo mpya, na zahanati yenye mtabibu mmoja hufungwa siku hizo au huachwa kwa mhudumu. Anayerudi huja na kitini. Asiyeitwa husubiri kusimuliwa.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 Tanzania imefuata mkakati wa nchi za Afrika, uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika mwaka 1998, wa kufuatilia magonjwa kwa mfumo mmoja, ambapo yale ya hatari kama kipindupindu hutolewa taarifa ndani ya saa 24 na mengine kila wiki. Simu ya mkononi iliondoa karatasi katika sehemu kubwa ya safari hiyo, na jumla za MTUHA zikaanza kuingizwa katika kompyuta wilayani chini ya programu ya DHIS2, iliyoenea nchi nzima kufikia mwaka 2013 hivi. Namba za Sengerema hazikuhitaji tena kuvuka kwa pantoni. Kasi ya kupanda iliongezeka mno, lakini kushuka kuliendelea kutegemea maamuzi ya juu, na mwaka 2020 jambo hilo lilionekana wazi: tangu mwanzoni mwa mwezi Mei, taifa likiwa limetangaza wagonjwa 509 wa UVIKO-19, takwimu zilisimama hadi mwaka uliofuata, na watabibu wa mwambao waliwahudumia wenye homa na kikohozi bila kujua hali ilivyokuwa hata katika wilaya jirani.

Mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaoleta homa kali na kutokwa damu, ulijaribu mfumo huo mara mbili magharibi ya ziwa. Mwezi Machi 2023 vifo vya kutatanisha katika wilaya ya Bukoba vilithibitishwa kuwa Marburg tarehe 21, na hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni walikuwa wamekufa watu 6, mmoja wao mtumishi wa afya. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza tarehe 14 kwamba kulikuwa na vifo vinavyoshukiwa huko Biharamulo. Serikali ikasema sampuli za awali hazikuonyesha kirusi. Na tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha kuwapo kwa mgonjwa. Kati ya tarehe hizo mbili, zahanati zilizo kwenye barabara ya Biharamulo, Chato, Geita, Sengerema na Busisi zilipokea wagonjwa wa homa kama siku zote, na mengi watumishi wake waliyoyajua waliyapata kwa simu zao, katika makundi ya WhatsApp, yakiwa yamechanganyika na uvumi.

Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, miezi mitatu baada ya mlipuko wa Biharamulo kutangazwa kwisha. Miongoni mwa vitu vinavyolivuka ni wagonjwa wa rufaa na sampuli zinazokwenda Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo kuanzia katikati ya miaka ya 2000 maabara yake ilipima UKIMWI kwa watoto wachanga kwa kutumia matone ya damu yaliyokaushwa juu ya karatasi. Majibu ya kipimo hicho yalikuwa na bahati isiyo ya kawaida katika historia hii, kwani yalikuwa ya mtoto mmoja mwenye jina, na mama yake alirudi kliniki tarehe aliyopewa na kuyaulizia. Takwimu za homa za wiki, ambazo mtumishi huyohuyo huzituma kutoka meza ileile, bado hazijapata mtu wa kuziulizia upande wa Busisi.